Kovu Chini ya Mdomo

Tuliachana mlango wa behewa ukifungwa kwa ndani, na najua wapo walioninunia wiki nzima. Haya, yameisha. Ingieni humo ndani na Gona, wajukuu zangu, maana nje hapafai.

Jiwe la kwanza lilipiga ubavu wa kushoto wa behewa. La pili likapiga mlangoni. Kisha sauti ya mwanamke ikapanda juu ya zote.

"Mumiani! Amemchukua mtoto akamtoe damu!"

Gona akajikunyata pembeni, mtoto kifuani.

Kwa aliyekosa gazeti, nasema upesi. Gona ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika Chuo cha Ualimu cha Kilimani, huku kwetu Changamwe. Asubuhi hii alikuwa akifundisha somo la majaribio. Watoto mbele yake, inspekta wa Kizungu nyuma kabisa, na kando ya inspekta Mwalimu Garama, yule mkali wa chuo. Katika watoto hao alikuwamo Sidi, amekuja shule na mdogo wake mgongoni, kama waendavyo mabinti ambao mama zao wako kazini. Yule mdogo, Ruwa, akacheka. Juu meno mawili meupe. Chini hana kitu.

Watoto wakanong'onezana neno moja. Chaki ikamponyoka Gona. Akamtoa Ruwa mgongoni mwa dada yake, akateremka mbio mpaka stesheni, akaingia behewa tupu la mizigo lililokuwa likingoja injini, akaubana mlango kwa kipande cha mti.

Sasa nawategea. Walinzi wangu wamevaa nyeupe. Wa chini wakitangulia, nyumba hupiga vigelegele. Wa juu wakitangulia, nyumba hunyamaza.

Meno, naam. Na mtoto aliyetanguliza ya juu, kwa wazee wa Giriama na majirani zao, huitwa kigego. Mbuzi akifa ni yeye. Mvua ikikawia ni yeye. Serikali imekataza wasiuawe, misheni imekataza, na kweli siku hizi hawauawi. Hupelekwa mahali tu, na aliyewapeleka akarudi mikono mitupu.

Gona aliijua safari hiyo. Aliitembea kwa miguu yake.

*

Ndani ya behewa mlinuka magunia ya ufuta. Mwanga uliingia kwa nyufa za mbao, mstari mstari, ukampita mtoto usoni. Ruwa hakulia. Alikuwa ameishika pua ya Gona na kuivuta kama mtu anayepima kitu cha kununua.

Kisha akacheka tena.

Gona akamziba mdomo kwa kiganja, taratibu. "Usicheke," akamwambia. "Ukicheka watakuona."

Akashtuka. Sauti ile haikuwa yake. Ilikuwa ya mamake.

Maana hivyo ndivyo mama alivyomlea. Wageni wakibisha hodi, kiganja mdomoni. Ndugu wa baba wakija kuuliza mbona ng'ombe ametoa mimba, mama husema maneno yale yale, kwa sauti ile ile: "Huyu si kigego, jamani. Alianguka kwenye kinu akiwa mchanga, meno ya chini yakang'oka. Tazameni kovu." Na kweli kovu lilikuwapo chini ya mdomo wa Gona, na lipo hadi leo.

Halafu dadake mdogo akafa kwa homa. Asubuhi iliyofuata mazishi, baba akamshika Gona mkono.

Njiani mtoto aliuliza kovu lake lilitoka wapi hasa. Baba hakugeuka. "Mamako alikukata kwa kisu ungali unanyonya. Hata yeye alikuchoka mapema." Wakafika kwenye ngazi za misheni. "Kaa hapa. Usimchekee mtu. Narudi sasa hivi."

Gona alikaa. Mpaka leo, ukimtazama vizuri, bado amekaa pale.

Ndiyo maana huongea mkono ukiwa mdomoni, na wenzake bwenini wakamtania kumwita bibi harusi. Ndiyo maana tangu muhula uliopita kitanda kilimkamata. Kengele ya alfajiri ikilia, wengine huinuka, yeye hugeukia ukuta. Uji hupoa. Vitabu hufunguliwa ukurasa ule ule. Mwalimu Garama akasema ni uvivu. Mpishi akasema ni pepo, apigiwe ngoma. Na ofisi ikasema mwisho wa juma hili arudishwe nyumbani, isipokuwa afaulu somo la leo.

Somo la leo mmeliona lilivyokwisha.

*

Behewa likatikisika. Injini imefika.

Gona akakikaza kile kipande cha mti mlangoni. Gari la moshi likiondoka, litapanda Mazeras, litapita Voi, litaendelea mpaka huko ambako hakuna mtu anayehesabu meno ya mtoto. Hakuwa na maziwa, hakuwa na nguo ya kumbadilisha, hakuwa amefikiri hata hatua moja mbele. Alichojua ni kwamba mtoto huyu hatakalishwa kwenye ngazi za mtu.

Vyuma vikagongana. Kipenga kikalia. Magurudumu yakaanza kusaga reli, taratibu, kisha kwa kasi, na sauti yake ikaenda mbali, mbali zaidi.

Gona akatazama mistari ya mwanga. Haikuwa ikisogea.

Walikuwa wamelikata behewa lake na kuliacha. Gari limekwenda, na yeye amebaki peke yake juu ya reli, kama yai kwenye meza.

"Nimeliachanisha mimi," ikasema sauti nje, sauti ya mtu asiye na haraka. "Mwidani, askari wa reli. Mimi ni mtu wa Likoni, bwana, sina ugomvi na wewe. Lakini wallahi umenipa kazi leo. Hawa watu wameshika mashoka. Nifungulie kabla hawajaanza kuzipasua hizi mbao, maana mbao ni za kampuni na mimi ndiye nitakayeulizwa."

"Sitafungua."

"Mtoto yu hai?"

"Yu hai."

"Mwonyeshe basi."

"Sitafungua, nimesema."

Jiwe jingine. Mwidani akaukemea umati kwa Kiswahili cha Likoni kilichowaacha vijana wawili wakicheka licha ya hasira zao. Kicheko hicho hakikudumu.

Kisha Gona akasikia kucha zikikwaruza mbao, karibu kabisa na sikio lake.

"Bibi harusi. Ni mimi."

Alikuwa Masha, mwenzake wa kitanda cha jirani, yule mwimbaji, aliyekuwa akilitazama somo lile dirishani. Alikimbia kutoka chuoni kiatu mguu mmoja.

"Nenda zako, Masha."

"Niende wapi? Uji wako nimeunywa asubuhi, sasa nina deni la kukuambia ulikuwa na mdudu."

Gona akaugeuzia ufa mgongo.

"Gona. Toa mtoto. Watakuua, sikutanii."

"Wakiniua, huyu atabaki na nani wa kumsemea? Hukumwona darasani? Hukusikia walivyomwita?"

"Nimesikia. Na wewe nimekusikia. Kila usiku unasema 'narudi sasa hivi' usingizini. Nilidhani unaota safari."

Gona akafumba macho. "Wewe huwezi kujua. Wewe huamka ukiimba."

Masha akaliegemea behewa. Aliposema tena, utani ulikuwa umemtoka.

"Mwaka wa njaa nilizika wadogo zangu. Nilichimba mwenyewe, baba hakuwa na nguvu ya kuinua jembe. Kila nikiamka nalisikia lile jembe, Gona. Tap, tap. Kwa hiyo naimba. Nikinyamaza nalisikia. Bwenini mle kila mtu ana lake, ila wewe ndiye uliyeshindwa kulificha. Fungua, ndugu yangu."

Mkono wa Gona ukaenda kwenye kile kipande cha mti.

"Gona." Hiyo ilikuwa sauti ya Mwalimu Garama, imefika ikihema. "Fungua mlango huo mara moja. Unakitia chuo aibu mbele ya inspekta."

Mkono ukarudi.

"Mwalimu, tafadhali," Masha akasema. "Si sasa."

"Na wewe Masha, utamfuata nyumbani kesho."

"Nyumbani wapi, mwalimu?" Gona akauliza kutoka gizani.

  

*

Umati ukapasuka katikati. Nyamvula, mamake Ruwa, alikuwa ametoka landhi, kule kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, anakouza viazi vya kukaanga. Mikono bado ina unga. Sidi amemshika kanga, kwikwi haijamwacha.

Nyuma yake akaja mzee Nguma, amu wa mumewe, fimbo mkononi. Na nyuma ya Nguma, bila haraka, akaja Bi Kafedha, mamake mume. Mkunga huyo, mtu wa ugoro na maneno machache, ambaye tangu Nyamvula aolewe hakuwahi kumsifia hata mboga.

Nyamvula akaweka kinywa kwenye ufa. "Baba, wewe uliye ndani. Mwanangu analia?"

"Hapana. Anacheka."

Msikilizeni mama huyu, wajukuu zangu. Mwingine angeshukuru. Yeye alirudi nyuma kama aliyechomwa, akaugeukia umati, akasema kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika:

"Mwanangu alianguka kwenye kinu. Mnanisikia nyote? Alianguka kwenye kinu, meno ya chini yakang'oka. Ana kovu. Si kigego."

Ndani ya behewa Gona aliyatambua maneno yale, akasogeza sikio kwenye ufa.

"Nani aliyekuuliza habari ya kigego?" mzee Nguma akasema, polepole.

Nyamvula akajiziba mdomo. Alikuwa amekuja mbio kumwokoa mtoto wake kwa mumiani, na kwa woga akamtupa kwenye mdomo mwingine.

"Sisi tulisema mumiani," Nguma akaendelea. "Wewe unasema kigego. Haya. Tangu mtoto huyu aote meno, mumeo, mtoto wa ndugu yangu, ameangukiwa na gunia bandarini, mguu hauungi. Kisima changu kimeingia chumvi. Na kila nikija kwako, mtoto amefungwa kitambaa mdomoni, eti ana mafua. Mafua gani hayaishi?"

"Alianguka, baba mkwe. Wallahi alianguka," akasema Nyamvula, na yeye ni Mkristo, kiapo cha jirani kimemtoka kwa hofu.

Nguma akaugonga mlango kwa fimbo. "Wewe mwalimu. Ulimwona mdomoni. Kama hukuona kitu, basi wewe ni mwizi wa watoto, na watu hawa wanajua la kukufanya. Kama uliona, sema, wewe utatoka salama, na mtoto tutajua la kumfanya sisi wenyewe nyumbani. Lipi?"

Watu wakasogea. Hata waliokuwa na mawe waliyashusha wapate kusikia vizuri.

"Sema ukweli, Gona," Mwalimu Garama akasema. Na tusimlaumu, hakujua anaomba nini.

*

Gona akamlaza Ruwa mapajani, kwenye mstari wa mwanga.

Alikuwa amekwisha kuwaza: huenda mama huyu asema kweli. Akifungua kinywa, nitavikuta vipande vya meno vilivyovunjika, au hata shimo. Basi nitakuwa mjinga tu, na mtoto atakuwa salama. Hakuna mtu aliyewahi kuomba hivyo awe mjinga.

Akapangusa kidole kwenye shati, akakipitisha kwenye ufizi wa chini.

Laini. Laini kama utelezi wa ndani ya dafu, kutoka pembe hii mpaka ile. Hapakuwahi kuwa na jino pale.

Mama anadanganya.

Mtoto akakitafuna kile kidole kwa meno yake mawili ya juu, kwa furaha. Mate yakamtiririka kidevuni, na Gona alipoyapangusa akaliona. Chini ya mdomo, kando kidogo, kovu. Jekundu bado. Jembamba na lililonyooka.

Kinu hakikati hivyo. Kinu kinaponda, kinachubua. Lile lilikuwa la kisu.

Mkono wa Gona ukapanda wenyewe mpaka usoni pake. Chini ya mdomo. Jembamba. Limenyooka.

Akakaa hivyo, kidole kimoja kwenye kovu la mtoto, kingine kwenye lake.

Mama hakumchoka. Mtu aliyekuchoka hakukati pale, padogo vile, palipo rahisi kupona, halafu akaenda miaka yote akiwaonyesha watu: tazameni, alianguka. Kisu kile kilikuwa cha kumtengenezea ushahidi. Alimkata apate cha kusemea uwongo wake, akausema mpaka siku walipomshinda nguvu.

Na Gona alikuwa amemchukia kwa kovu hilo maisha yake yote.

"Nahesabu," Nguma akasema nje. "Leteni shoka."

"Usihangaike na shoka, mzee," ikajibu sauti ndani. "Nafungua."

Mlango ukaburutwa. Jua likaingia lote kwa mara moja. Gona akasimama mlangoni, mtoto mkononi, na Masha, aliyemjua kuliko wote, akaona jambo ambalo wengine hawakuliona. Mkono wake mwingine ulikuwa umening'inia tu. Haukuwa mdomoni.

"Nimemtia kidole," Gona akasema. "Vipande vya meno vipo chini, vimevunjikia ndani. Alianguka kama mamake alivyosema. Mimi ndiye niliyekosea."

Nyamvula alimtazama kama mtu aliyesikia maiti ikipiga chafya.

"Ulikosea," Nguma akarudia. "Mtu hukosea njia. Wewe umekimbia na mtoto wa watu. Kwa nini?"

Hapa ndipo angeweza kutunga uwongo mwingine. Alikuwa na mmoja tayari wa kuazima. Lakini alikuwa amechoka, na uwongo mmoja kwa siku ulimtosha.

"Kwa sababu naumwa, mzee. Si tumbo wala kichwa. Siwezi kuamka asubuhi. Chakula hakina ladha, masomo hayaingii, naona kila kitu kama kiko ng'ambo. Mimi ndiye kigego. Niliachwa misheni ningali mdogo. Leo nilimwona mtoto huyu akicheka, watoto wakanong'onezana, nikajiona mimi. Sikujua tena nani ni nani. Nikakimbia naye."

Jiwe lilitoka nyuma, hatujui kwa nani. Likampata kwenye kidevu. Damu ikashuka, na Gona hakuinua mkono, maana mikono yote ilikuwa imemzunguka mtoto.

Masha akaruka mbele yake. Mwidani akaruka mbele ya Masha. Na wa tatu aliyesimama hapo, suti yake nyeupe ikijaa vumbi, alikuwa Mwalimu Garama.

"Anayetupa jiwe jingine atupe kwangu," akasema Garama. "Huyu mwanafunzi ni mgonjwa. Alinionyesha muhula mzima, nami nikamwita mvivu."

*

Hapo tungeweza kwenda nyumbani. Lakini mzee Nguma hakuwa mtu wa kuachia kitu alichokishika.

"Mwenda wazimu ndiye shahidi wetu?" akauliza watu. "Tena kigego amtolee kigego mwenzake ushahidi? Hapana. Yupo hapa mtu aliyeshika midomo ya watoto wetu sote. Kafedha, huyu ni mjukuu wako. Tia kidole. Utakalosema wewe, mimi nimekubali."

Bi Kafedha akatema ugoro pembeni.

Nyamvula akapiga magoti kwenye kokoto. "Mama. Mama, nakuomba."

"Unaniomba nini? Kama alianguka, si alianguka?"

 Ajuza akaomba maji, akanawa kidole kwa utaratibu, kama anayetaka kula. Gona akamkaza mtoto. Macho yao yakakutana, na Gona akaona uso usio na kitu cha kusoma, mkavu kama mkeka. Akataka kurudi ndani ya behewa. Mwidani akamshika bega.

"Mpe," askari akasema chini chini. "Huna pengine pa kwenda, yakhe."

Akampa.

Kafedha akamwinua Ruwa kidevu. Kidole kikaingia. Kikaenda kushoto. Kikaenda kulia. Kikasimama. Mtu mmoja akakohoa, akanyamazishwa.

Kidole kikatoka.

"Vipo," akasema Bi Kafedha. "Viwili. Kimoja kimenichoma."

Nguma akamtazama sana. "Una hakika?"

"Njoo utie chako, Nguma. Lakini kanawe kwanza, tunajua asubuhi hii ulikuwa ukichuna mbuzi. Mjukuu wangu hajaanza nyama."

Mtu akacheka. Mwingine akacheka. Sidi alicheka na kamasi zake. Na kicheko kikishaingia kwenye umati wa aina ile, mashoka huwa mazito mkononi. Wakaanza kutawanyika mmoja mmoja, kila mmoja akimwambia mwenzake kwamba yeye hakuamini tangu mwanzo. Nguma alibaki kidogo, akapiga fimbo chini, akaenda.

Kafedha akamtia mtoto mikononi mwa mamake, ambaye bado alikuwa magotini.

"Inuka, unachafua kanga," akamwambia. Kisha kwa sauti ya kusikiwa na wachache tu: "Kovu nililiona tangu siku ile ile. Mkono wako mchanga, umekata kando. Siku nyingine uniulize."

Nyamvula alimtazama mkwewe. Woga wote ule alioulala nao, na mlango wa pili wa nyumba alikuwa amelala mtu aliyejua.

*

"Haya, bwana," Mwidani akamwambia Gona, akamshika kifundo cha mkono, si kwa nguvu. "Mtoto amepatikana, alhamdulillahi, lakini sheria ni sheria. Twende kituoni ukaeleze."

"Nitakwenda naye," Mwalimu Garama akasema.

"Na mimi," Masha akasema, "kiatu kimoja hiki hiki."

Gona aliteremka kwenye behewa. Aibu ikaanza kumrudia. Aliinua mkono kwenda kuuziba mdomo, kama kawaida.

Mkono mwingine ukaudaka njiani. Mkavu, wenye harufu ya ugoro.

"Ngoja, askari," akasema Bi Kafedha.

Akamshika Gona kidevu kama alivyokishika cha mtoto. Kwa ncha ya kanga akaipangusa damu ya lile jiwe, polepole, mpaka ngozi ikaonekana. Akamgeuza kwenye jua.  Kidole gumba chake kikapita chini ya mdomo wa Gona, kikaenda, kikarudi, kama mshonaji anayepapasa mshono wa zamani.

"Ulizaliwa wapi?"

"Sijui jina la pale, hawe," Gona akasema, na neno hilo la kwao la kumwitia bibi lilimtoka bila kulitafuta. Hakuwa amelitamka tangu utotoni. "Nakumbuka mkorosho uliolala chini, na kisima chenye ngazi."

"Na hili nani alikuambia ni la nini?"

"Baba. Alisema mama alinikata kwa kunichoka."

"Babako." Ajuza akatikisa kichwa. "Babako hakuwamo chumbani. Tulikuwamo wanawake wawili. Mmoja amekushika kichwa, analia mpaka nikamwambia anyamaze, ataniharibia kazi. Limenyooka, unaona? Halikwenda kando."

 Mwidani alikuwa ameuachia mkono wake na hakujua kwamba ameuachia.

"Kisu kilikuwa changu," Bi Kafedha akasema. "Na yule aliyekushika kichwa, nikienda Kisauni, kabla hajanikaribisha hata maji, huniuliza kama nimekuona."